Viza ya mume au mke: maswali tunayoulizwa kila wiki Bukavu

Ofisi yetu ni chumba kimoja Ibanda, karibu na Nyawera, chenye benchi ya mbao mlangoni. Asubuhi benchi hiyo hujaa akina mama wenye mifuko ya plastiki, na kila mfuko umebeba maisha mazima: vyeti vya ubatizo, picha za harusi, risiti za pesa zilizotumwa, barua ya ubalozi iliyokunjwa mara nne. Mume yuko Brisbane, Calgary, Liège au Dayton. Mke yuko Kadutu, Bagira au Panzi. Mara nyingine mke ndiye aliyetangulia. Mimi ni avoka, yaani wakili (wateja huniita Metre), na maswali haya nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi. Nayaandika ili mtu asome kabla hajamlipa yeyote, mimi nikiwemo.

Ndoa ya makaratasi ni ipi hasa?

Ni ndoa ambayo mmoja au wote wawili waliifunga ili kupata ukaaji tu, bila kukusudia kuishi pamoja. Uzito wote uko kwenye nia mliyokuwa nayo mlipofunga ndoa. Ubelgiji iliandika hivyo katika sheria yake ya kiraia, kifungu cha 146bis, mwaka 1999: si ndoa pale ambapo, mambo yote yakitazamwa pamoja, inaonekana kwamba walau mmoja hakutaka kujenga maisha ya kudumu bali alitafuta faida ya ukaaji. Uingereza, Kanada na Australia wana maneno yao, lakini wanachotafuta hakitofautiani sana.

Wengi hujiona wana hatia bure. Ndoa iliyoanzishwa na wazazi si ya makaratasi. Kuzidiana umri si kosa. Kufurahi kwamba mwenzako anaishi penye amani si kosa pia; ni nani hapa Kivu asiyeitamani amani? Hata ndoa iliyovunjika baada ya miaka miwili haigeuki kuwa ya uongo kwa sababu imevunjika. Lakini ziko ndoa zenye cheti halali cha komini (ofisi ya serikali ya eneo), padri, keki na wageni mia mbili, na bado ni za makaratasi, kwa kuwa bwana harusi alilipwa.

Tulijuana kwa simu, shangazi ndiye aliyetuunganisha. Si afadhali tuseme tulikutana kwaya, tukapendana siku nyingi?

Hapana. Nitakaa kwenye swali hili, maana kwenye benchi yangu limeharibu dosiye, yaani mafaili ya maombi, nyingi kuliko ndoa za uongo zenyewe.

Dada mmoja alikuja na barua ya kukataliwa kutoka Australia. Ndoa yake ilikuwa ya kweli, na niliona hivyo kabla hajamaliza kusimulia: alijua mumewe hali sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizobaki na mchanga, alijua namba ya kiatu chake, alijua msimamizi anayemsumbua kazini. Shangazi yao wa Uvira ndiye aliyewaunganisha mwaka 2020. Walizungumza kila siku mume akitoka kazini, na saa zao zikiwa mbele yetu kwa saa nane, mke alikuwa anapokea simu huku anawasha makaa mchana. Mwaka 2022 mume alikuja wiki tano, ng'ombe wakapelekwa Kabare, ndoa ikaandikishwa. Historia inayosimama yenyewe.

Komisionere, yaani dalali wa viza, aliyewajazia fomu aliiona nyembamba. Akaandika kwamba walikutana mwaka 2016 katika kwaya ya parokia, akawapiga picha tatu mchana mmoja, akiwabadilisha nguo kati ya picha na picha. Sasa, mwaka 2016 mume alikuwa tayari kambini Nakivale, Uganda, na tarehe ya kuandikishwa kwake kule ilikuwa kwenye faili lake la ukimbizi. Ofisa aliweka mafaili mawili bega kwa bega, basi.

Australia ina kanuni waitayo 4020: ukitoa taarifa ya uongo au karatasi ya kughushi, unaweza kufungiwa miaka 3; uongo ukihusu wewe ni nani, miaka 10. Na ada ya serikali kwa viza ya mwenza, ambayo inazidi dola 9,000 za Australia, hairudishwi. Mume aliilipa kwa zamu za usiku machinjioni. Baya zaidi, hata picha halisi za ng'ombe na wazee wa Kabare zilitiliwa shaka, kwa sababu zilikuwa kwenye bahasha moja na zile tatu.

Nami nina la kukiri hapa. Nilipokuwa stajiere, yaani wakili mwanafunzi, katika ofisi nyingine ya mjini, nilipewa maelezo ya mama mmoja niyachape safi. Yalikuwa na sentensi mbili ambazo sikumsikia akizisema. Nilichapa, sikuuliza. Dosiye ilianguka kwa sentensi hizo mbili. Tangu hapo siandiki tarehe ambayo mwenye dosiye hajaitamka kwa mdomo wake, na kabla hajatia sahihi namsomea yote kwa Kiswahili au Mashi, hata kama fomu ni ya Kiingereza. Kama mtu anakujazia fomu na hakusomei, chukua karatasi zako uende.

Kwa hiyo, shangazi aliyewaunganisha aandike barua yake mwenyewe. Aseme alianzaje, alimsifia nani kwa nani, familia zilijibu nini. Maofisa wanajua kwamba duniani watu wengi huoana kwa mshenga.

Mume wangu alipoandikishwa kambini alisema hana mke. Sasa anataka kuniita. Inawezekana?

Wakati mwingine, lakini hapa hatua moja ya haraka huwaumiza wote wawili.

Najua ilivyokuwa. Nyarugusu, Nakivale, kambi za Burundi: uvumi ulipita kwamba asiye na familia huondoka upesi, au kwamba ukitaja mke aliyebaki Kongo faili litalala. Wengine waliambiwa waandike dada yao kama mke ili naye aokoke. Walikuwa wamekimbia risasi. Siwahukumu, ila lazima niwaeleze sheria ilivyo.

Kanada ina kifungu cha 117(9)(d): ndugu wa familia ambaye hukumtaja na hakuchunguzwa ulipopewa ukaaji wa kudumu hahesabiwi kuwa wa familia utakapotaka kumdhamini. Mwaka 2019 walianzisha mpango unaowafungulia mlango baadhi ya watu hao, hasa wa waliokuja kama wakimbizi, lakini kila dosiye hupimwa peke yake. Kwa mkimbizi aliyemtaja mke tangu mwanzo, Kanada ina dirisha la mwaka 1 baada ya kupata ukaaji wa kudumu, nalo ni jepesi kuliko udhamini wa kawaida. Marekani ina fomu I-730: mkimbizi anaijaza ndani ya miaka 2 tangu kuingia, haina ada, na ndoa lazima iwe ilikuwepo kabla ya yeye kuingia. Australia ina njia ya familia zilizotenganishwa ndani ya miaka 5, bila ada ya viza, nayo hudai kwamba mke alitajwa kabla mume hajapewa viza. Nimeona watu wakiacha madirisha haya yafungwe kwa kutojua tu, kisha wanaanza njia ya maelfu ya dola. Kama mwenzako amefika juzi, mpigie leo umuulize tarehe aliyoingia.

Na kama hakukutaja? Mume aonane kwanza na mwanasheria wa kule aliko, peke yake. Kufungua mdomo kunaweza kugusa hati zake mwenyewe, na yeye ndiye mwenye haki ya kujua hatari hiyo kabla hujatuma barua ya kueleza kila kitu. Sitamwambia aendelee kuficha. Sitamwambia pia aandike ubalozini gizani.

Juu ya watoto, kwetu baba mdogo ni baba, na mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Hakuna anayesema uongo akimwita hivyo nyumbani. Fomu inauliza jambo lingine: nani alimzaa. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa P-3 wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya vipimo vya DNA kuonyesha kwamba wengi walioitwa watoto hawakuwa wa damu, na mpango ulirudi mwaka 2012. Akina mama wenye watoto waliowazaa walingoja miaka hiyo pamoja na wengine wote. Mtaje mtoto wa marehemu kaka yako kama mtoto wa marehemu kaka yako, kisha uonyeshe ulivyomlea. Kuna nchi zenye nafasi kwa mtoto wa kulea, na mahakama yetu inaweza kutoa hukumu ya ulezi.

Adhabu ni kubwa kiasi gani?

Marekani: kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000 kwa anayefunga ndoa ili kukwepa sheria ya uhamiaji. Juu ya hapo, aliyewahi kufanya hivyo hazuiwi kwa muda. Ombi lolote la baadaye la familia linakataliwa, hata akija kuoa kwa moyo wote. Ufaransa: miaka 5 na euro 15,000, na sheria inamhesabu pia yule aliyemdanganya mwenzake aliyedhani anapendwa. Australia: anayepanga ndoa ya namna hiyo ili mtu apate ukaaji wa kudumu anaweza kufungwa hadi miaka 10, yaani mpangaji anabanwa kuliko wanandoa. Kanada: kupotosha ukweli hukufungia mlango miaka 5.

Hapa kwetu komisionere anayechukua pesa kwa jina la uongo au kughushi mhuri wa komini anaangukia makosa ya utapeli na kughushi katika Sheria ya Adhabu. Ni kweli kwamba mashtaka ni machache. Aliyeibiwa anaona haya kusema alichokuwa ananunua.

Tulifunga ndoa ya kimila tu. Inatosha?

Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaitambua ndoa ya kimila, ila inataka iandikishwe mbele ya ofisa wa komini. Harusi ya kanisani peke yake haina nguvu ya kiraia, hata askofu akiwa ameiongoza. Andikisheni. Wote wawili lazima wawe wametimiza miaka 18. Sifungui dosiye ya binti wa miaka 16, na sibishani na mjomba yeyote juu ya hilo.

Mume hakuweza kuja, kaka yake akasimama kwa niaba yake. Je?

Hapo kuna shida. Kwa sheria yetu kila mmoja anakubali ndoa kwa mdomo wake, na kuwakilishwa kunahitaji ruhusa ya hakimu kwa sababu nzito. Kanada tangu Juni 2015 haikubali udhamini unaotokana na ndoa ya kuwakilishwa, ya simu wala ya intaneti. Marekani haiihesabu mpaka mkutane kimwili baada ya sherehe. Mwenye nafasi ya kusafiri na asafiri. Kama Bukavu haiendeki, wapo wanaokutana Kigali, Bujumbura au Kampala. Nauli hiyo ni nafuu kuliko dosiye iliyokataliwa.

Cheti chetu kilipotea vita vilipofika mjini.

Poleni. Tangu Februari 2025, kundi lenye silaha la M23 lilipoingia Bukavu, nimewapokea wengi wenye nyumba zilizoporwa na makaratasi yaliyotawanyika. Msikubali kuuziwa cheti "kama kile cha zamani" chenye tarehe ya nyuma. Cheti kikiwa kimepotea, sema kimepotea, eleza lini na vipi. Parokia nyingi zina daftari za ndoa. Mashahidi wa siku ile bado wapo, na mpiga picha huenda ana faili. Mahakama inaweza kutoa hukumu inayochukua nafasi ya cheti. Ofisa wa viza akipata maelezo ya wazi yenye ushahidi wa pembeni anaweza kuyapima. Akipata cheti kipya kilichokunjwa na kupakwa chai kionekane kizee, ameshamaliza kazi.

Kuna mtu anatuahidi viza kwa uhakika. Tutamjuaje?

Kwa neno hilo hilo, uhakika. Hakuna mwanasheria anayetoa viza.

Muulizeni jina lake kamili na namba yake. Washauri wa uhamiaji wa Australia wana rejista inayosomwa na kila mtu kwenye intaneti, na kila mmoja ana namba ya tarakimu 7. Kanada wana chuo chao cha kusimamia washauri, kilichoanza kazi mwaka 2021, na wanasheria wako chini ya vyama vya majimbo yao. Uingereza mamlaka ya ushauri wa uhamiaji ilibadilishiwa jina Januari 2025, lakini orodha ipo vile vile. Marekani anayeruhusiwa ni mwanasheria au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mtu mwenye muhuri wa kuthibitisha sahihi si avoka, ingawa ndugu zetu kule huliwa pesa na watu wa namna hiyo. Hapa Bukavu, nendeni kwenye Baraza la Mawakili muulize kama jina liko kwenye orodha.

Na mimi pia nina mpaka. Naandaa ushahidi wa hapa, nasimamia vyeti, natafsiri, nasaidia maelezo. Sheria ya Australia au Kanada ikigeuka kuwa ngumu, nawatafutia mwenye leseni ya kule.

Metre, nikikuambia ndoa yetu si ya kweli, utanisema ubalozini?

Hapana. Ulichoniambia ofisini ni siri ya kazi, na mtu anayekwenda kupeleka siri za mteja hafai joho. Lakini sitaandika hata mstari mmoja wa dosiye hiyo. Nitakueleza hatari, nitakurudishia karatasi zako zote, na kama kuna pesa ambayo sijaifanyia kazi utarudishiwa.

Watu huchanganya mambo mawili: kunyamaza na kusaidia. Nikinyamaza nimetunza siri yako. Nikisaidia, nimekuwa mshirika, na kila mke wa kweli atakayekaa kwenye benchi yangu baadaye atabeba jina langu lililochafuka. Ubalozi hukumbuka majina ya wanaoandaa dosiye.

Kuna jambo la katikati linalonipa kazi zaidi. Mimi si mpelelezi wa mapenzi. Siwaulizi wateja kama wanapendana kiasi gani, wala simkatai mtu kwa sababu mume ni mzee au mke ni mzuri mno. Nikiona tarehe zinagongana, nauliza. Mara nyingi kuna maelezo: mwaka ulikosewa na karani wa kambi, jina la baba limeandikwa la babu. Nikiambiwa "Metre, wewe andika tu," hapo naweka kalamu chini.

Wewe ni avoka wa nani, wangu au wa mume wangu?

Swali hili huulizwa mara chache, nami hutamani kila mama aliulize. Kwa kawaida anayelipa yuko ng'ambo na anayeketi mbele yangu yuko hapa. Huwa nawaambia wote wawili kwenye simu siku ya kwanza: nawasimamia pamoja maadamu mnataka kitu kimoja; mkigombana juu ya dosiye, siwezi kuchukua upande wa mmoja kwa siri alizonipa mwingine, nitajiondoa.

Na kuna ukweli mwingine uujue: ukifika kule ukapigwa, viza si mnyororo. Australia, Marekani na Uingereza zote zina njia ya mwenza aliyeteswa kuendelea kutafuta ukaaji bila mkono wa anayemtesa; Marekani njia hiyo ilianza na sheria ya mwaka 1994. Kanada ina kibali cha muda kwa waathirika. Andika namba ya simu ya mtu mmoja wa kule asiye ndugu wa mume. Iandike kwa mkono, isiwe kwenye simu peke yake.

Kwa nini hukubali kulipwa viza ikitoka?

Kwa sababu anayekula viza ikitoka tu ana hamu ya kuipamba dosiye. Nalipwa kwa kazi, kwa risiti, kidogo kidogo kama ni lazima. Hasira za watu kwenye jambo hili nazielewa, maana wamezoea "nusu sasa, nusu ukipanda ndege".

Ushahidi gani una nguvu?

Ule wa kawaida: rekodi za simu za miaka, risiti za M-Pesa za ada ya mtoto, tiketi na mihuri ya pasipoti, barua za majirani. Australia hutazama pesa, nyumba, jamii na msimamo wenu. Msilete kurasa 800 za WhatsApp. Chagueni siku za kila mwezi, pamoja na siku mliyogombana. Kwenye mahojiano mtaulizwa ng'ombe walikuwa wangapi, nani aliwapokea, mama mkwe anaitwaje. Msikariri pamoja. Kama umesahau, sema umesahau.

Siku ya kwanza nije na nini?

Njoo na mfuko wako kama ulivyo, usipange. Njoo na simu yenye chaji na uniti, tumpigie mwenzako mkiwa mnasikilizana. Barua zote za kukataliwa, hata za zamani, hata ulizoambiwa uzichane. Kama kulikuwa na komisionere kabla yangu, niambie alichoandika, na kama huna nakala tutaiomba kwa serikali husika kabla ya kujaza fomu mpya. Benchi inafunguliwa saa mbili asubuhi.